Aliyefunga Siku ya Idi

Mtaa wa maduka wa Makadara, siku za mwisho za Ramadhani, hapapitiki. Mwaka ule wa sitini na tisa, Jamaldin fundi cherehani alijipenyeza hadi duka la nafaka kumnunulia mamake mchele wa biriani, akakuta mizani ya magunia ina mtu. Juu yake alisimama msichana mwembamba, buibui amelikusanya kwapani, makubadhi ameyavua, macho hayabanduki kwenye mkono wa mizani.

"Ati siku hizi watu wauzwa kwa ratili?" Jamaldin akauliza.

"Wauzwa," msichana akajibu bila kugeuka. "Lakini wewe bei hutaiweza."

Duka zima likacheka. Msichana akashuka, akavaa makubadhi yake, akamtazama kijana yule wa kizibao cheusi na kofia ya vito iliyolalia upande. Akatabasamu kidogo tu. Ilitosha.

Jina lake Mwanabaraka. Babake, mzee Muhdhar, alikuwa saisi, mtunza farasi wa matajiri kule kiwanja cha mbio, na tangu utotoni Mwanabaraka ndiye aliyewakimbiza farasi hao alfajiri. Hayo alimweleza Jamaldin kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa dukani kwa Abdulhalim muuza misumari, mkabala na cherehani ya Jamaldin, na Abdulhalim hakujua kuita mtu kwa sauti ndogo.

"Fundi! Mpanda farasi wako yuwakutaka!"

Jamaldin alikuja mbio, uzi ungali umemning'inia shingoni.

"Nyonda wangu, siku ya Idi njoo umwamkie mama. Nishamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba kuna mtu atanifanya niwe narudi nyumbani mapema."

"Mwongo wee! Haya, nitakuja na shangazi. Lakini Jamali..."

"Lakini nini, roho yangu?"

"Basi. Tutaonana."

Alilolimeza ni hili. Jumamosi ya baada ya Idi angeshindana na wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika kiwanja kile. Mwaka uliotangulia msichana mwingine aliruhusiwa, habari zikaenea, wazee wakaenda kulalamika, jina lake likafutwa. Kwa hiyo babake alimwapisha asimwambie mtu mpaka orodha ya wapandaji ifungwe. Tena kila mpandaji hupimwa uzito pamoja na tandiko lake, na anayezidi hata kidogo haruhusiwi kukimbia. Saumu ya mwezi mzima ilikuwa imemsaidia. Kilichomtisha ni Idi.

Na Idi ikafika. Nyumbani kwa Bi Mwanakuu, mamake Jamaldin, Mji wa Kale, mkeka mpya ulitandikwa, udi ukafukizwa hadi ngazini. Mwanabaraka alikuja na shangazi yake, rinda la samawati ndani ya buibui, kikuba cha asumini kifuani. Bi Mwanakuu akafunua kawa juu ya sinia, na mvuke wa biriani ukapanda na zafarani yake, vitunguu vya kukaanga na nyama iliyoiva ikaachana na mfupa.

"Karibu, mwanangu. Nawa mkono."

Harufu ile ilimzungusha kichwa Mwanabaraka. Akatoa neno la kwanza lililomjia.

"Ahsante, mama. Nimefunga."

Shangazi yake akafumba macho. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua.

"Umefunga," Bi Mwanakuu akarudia polepole. "Leo."

Hakugomba. Alilifunika sinia kwa kawa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

Kesho yake simu ilipolia, Abdulhalim aliita kwa sauti ya chini.

"Chakula cha mamangu kina nini?" Jamaldin aliuliza. "Kina sumu?"

"Jamali, nisikize..."

"Mama wa watu kapika tangu alfajiri. Kama hututaki, sema. Usimsingizie Mungu."

"Siwezi kusema sasa. Ningoje mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Ningoje tu, Jamali."

"Basi kaa na farasi zako," Jamaldin akasema, akakata simu.

Siku hiyo alishona mkono wa kanzu ya mtu ndani nje.

Ijumaa baada ya sala, mzee mmoja mwenye miguu ya matege aliingia dukani na shati la hariri, njano na kijani.

"Fundi, toa bitana. Toa na vifungo hivi, tia vyepesi. Chochote kizito ondoa."

"Shati dogo hili. La nani?"

"La binti yangu. Orodha imefungwa leo, sasa naweza kusema. Kesho aenda mbioni, na yuko uani kajizongea blanketi juani atoe jasho. Tena siku ya Idi alikwenda kwa watu, akarudi akilia, sijui kwa njaa au kwa aibu."

Jamaldin aliiona tena ile mizani ya Makadara. Akaifumua bitana kwa mkono, uzi mmoja mmoja, kisha akafunga duka akaenda kwa mamake.

"Mbona asiseme?" Bi Mwanakuu aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Angesema, mama, ungemwacha asile?"

Bi Mwanakuu akafikiri. "Nisingemwacha."

Jumamosi, kiwanjani, mkono wa mizani ulitikisika, ukapanda, ukashuka, ukatulia palepale palipotakiwa. Mwanabaraka akakimbia, shati la njano na kijani limejaa upepo, akafika wa tatu, nyuma yake wanaume watano wakila vumbi. Aliposhuka, uso umejaa mchanga, aliwaona ukingoni: Jamaldin, na Bi Mwanakuu aliyebeba sinia lenye kawa, tonge tayari mkononi.

"Bado, mama!" Mwanabaraka akaruka nyuma. "Twapimwa tena tukishuka!"

"Na hawa watu wana mizani!" Bi Mwanakuu akasema. Lakini alingoja, mkono umeinuka, mpaka msichana akarudi.

"Haya. Umefungua?"

"Nimefungua, mama. Niwie radhi."

Akalishwa, tonge juu ya tonge, machozi yakichanganyika na zafarani.

"Niliyoyasema kwenye simu..." Jamaldin akaanza.

"Mwache ale," mamake akamkatiza. "Jumatatu twaenda kwa mzee Muhdhar na posa. Harusi lini, mwanangu?"

Mwanabaraka alimtazama Jamaldin, mdomo umejaa. "Kuna mbio nyingine mwezi wa nne, mama. Kabla yake, au baada?"

"Baada," Bi Mwanakuu akasema, akimsogezea mnofu. "Bi arusi wangu hapimwi na mtu."