Majeruhi Aliyenong'ona

Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya masomo ya asubuhi, Kapaw alikwenda kufa.

Ndivyo walivyomtania wanafunzi wa chuo cha matabibu wa jeshi la Wakareni, kabila linalopigania ardhi yake, huko kwenye vilima vya juu ya mto. Kapaw alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kulala chini na kujifanya majeruhi ili wanafunzi wajifunze juu ya mwili wake. Mjomba wake, Kweh, mpishi wa chuo, ndiye aliyemwombea nafasi hiyo. Ndiye pia aliyepika damu ya mazoezi kwa unga wa muhogo na rangi nyekundu, katika sufuria lililoandikwa USINYWE.

"Leo umekufa mara ngapi, wewe mtoto?" alimuuliza akimpakulia wali na supu ya machipukizi ya mianzi.

"Mara tatu, Mjomba. Na wote wamenikanyaga nywele."

"Basi kula. Sitaki maiti wangu akonde."

Kabla ya kila zoezi, Mwalimu Tamla alibandika vipande vya karatasi mwilini mwa Kapaw, chini ya nguo. Kila karatasi ilikuwa jeraha. Mwanafunzi alipaswa kwanza kukaza mkanda juu ya jeraha lililovuja damu nyingi na kuandika saa kwenye paji la uso la majeruhi. Kisha alimpapasa mwili wote, mbele, halafu akamgeuza na kumpapasa nyuma. Aliyekosa karatasi moja alirudia mtihani.

Ler Moo, kaka yake Kapaw, alikuwa amerudia mara mbili.

"Ukianguka tena leo, utapelekwa jikoni kwa mjomba wako ukamenye vitunguu," wenzake walimcheka.

Siku hiyo zamu yake ilifika. Alikaza mkanda vizuri pajani, akaandika saa, kisha akasimama kama aliyesahau jina lake. Kapaw alimwonea huruma. Mwalimu Tamla alipoinama kuandika alama, Kapaw alinong'ona, "Nyuma, chini ya bega la kushoto."

Ler Moo aliingiza mkono palepale, akaichomoa karatasi. Hakumgeuza.

"Amefaulu," alisema Mwalimu, akasaini cheti chake. Wenzake walipiga makofi, na kaka na dada walirudi nyumbani wakicheka njia nzima.

Wiki tatu baadaye, kombora lilianguka katika mashamba ya mpunga, watu wakiwa wanavuna. Mjomba Kweh alikuwa miongoni mwao. Ler Moo ndiye tabibu aliyefika kwanza. Aliukaza mkanda kwenye mguu wa mjomba wake, damu ikakoma. Aliandika saa kwenye paji lake la uso. Kisha vijana walimbeba kwa machela ya blanketi na miti ya mianzi, mwendo wa saa mbili hadi zahanati.

Walipofika, Mwalimu Tamla alimgeuza. Chini ya bega palikuwa na tundu dogo, dogo kuliko ncha ya kidole. Mjomba Kweh alifariki kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu ya maombolezo, nyumbani kwa marehemu, Ler Moo alikunja sare yake, akaiweka mbele ya mama yao.

"Sitamgusa mgonjwa tena."

"Mwanangu, ulifanya kama ulivyofundishwa."

"Hapana, Mama. Njiani alisema mgongo unamchoma. Nikamwambia, vumilia Mjomba, ni mianzi ya machela." Alifunika uso kwa mikono. "Alinijibu, sawa, tabibu wangu."

Kapaw alitoka nje. Alijaribu kusali, lakini kila alipofungua kinywa, maneno yaliyotoka ni yale tu aliyomnong'oneza kaka yake. Hapo alijua hatapata amani mpaka aseme. Alipiga mbio hadi chuoni.

Mwalimu Tamla alikuwa akifua mikanda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ni mimi niliyemuua Mjomba?" Kapaw aliuliza.

"Aliyemuua ni aliyerusha kombora. Usimbebee mzigo wake." Mwalimu alikung'uta maji mikononi. "Sijui kama Kweh angepona. Huenda jeraha lile lingetushinda sote. Ila tungelijua mapema, tukaliziba, tukajaribu. Nafasi hiyo hakuipata."

Kapaw aliketi chini akalia. Mwalimu hakumnyamazisha. Alikaa kando yake chini, na macho yake pia yalikuwa mekundu.

"Shangazi lazima ajue jinsi mumewe alivyokufa," Kapaw alisema hatimaye.

"Lazima. Twende wote."

Shangazi alikuwa ameketi mkekani, akishona upya kifungo cha shati la marehemu ambalo hapakuwa tena na wa kulivaa. Kapaw alipiga magoti, akasema yote. Ler Moo, aliyekuwa mlangoni, aliongeza, "Nami nilikubali kunong'onezewa jibu la mtihani, Shangazi."

Sindano ilisimama.

"Leo siwezi kusema nimewasamehe," Shangazi alisema. "Nitamwomba Mungu anipe moyo huo. Lakini msiondoke. Nyumba hii ni kimya mno." Akasogea kidogo, wakapata mahali pa kukaa.

Mwalimu Tamla aliichukua ile sare iliyokunjwa, akampa Ler Moo.

"Cheti chako nimekifuta. Jumatatu utaanza tena na wanafunzi wapya, benchi la mbele. Wakikucheka, wacha wacheke. Nami nilisaini bila kuona ukimgeuza majeruhi; hilo nitaliambia darasa zima."

"Na mimi?" aliuliza Kapaw.

"Wewe utalala chini kama kawaida, tena kimya. Sikilizeni, wanangu. Kapaw, ulifikiri unamsaidia kaka yako, kwa sababu unampenda. Lakini mtihani haukuwa wa Ler Moo. Ulikuwa wa mtu ambaye siku moja angelala mbele yake akivuja damu, asiye na mtu wa kunong'ona. Ukimpa mtu alama asiyoifanyia kazi, unamnyang'anya nafasi ya kupona mwingine asiyekuwepo kujitetea. Mpende ndugu yako kwa kumwacha ashindwe mpaka ajue."

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Tuombe," alisema, na wote wakainamisha vichwa.