Gari na Vyote Vilivyomo

Kiti cha abiria kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Fundi Pampu alikigusa mara mbili. Gari lilikuwa limeshinda wiki nzima kivulini, na dalali ndiyo kwanza ameufungua mlango.

"Jua hilo, bosi wangu," dalali alisema.

"Jua gani la kuchagua kiti?"

"Jua lina macho! Wewe tazama gari. Magurudumu yote manne yanasukuma. Hili linapanda mlima hata ukisinzia."

Fundi hakuwa na jeuri ya kuchagua. Visima anavyovihudumia viko milimani, pikipiki ilishamtupa bondeni mara tatu, na mfuko wake ulikuwa mwembamba kama shingo ya korongo. Akalala chini kukagua chasisi, akagongagonga bodi, akanusa oili. Kutu kidogo, hakuna kinachovuja. Bei ilipogoma kushuka, akafanya kama wanunuzi wote wa mkono mfupi: akahamia kwenye vikorokoro.

"Jeki?"

"Ipo."

"Tairi la akiba? Redio?"

"Redio haina hata waya, mzee wangu."

"Andika: gari na vyote vilivyomo ndani. Nisije nikakuta umechomoa."

Dalali, mtu wa kutaniana hata na kuku, akawa mpole ghafla. "Umetaka mwenyewe, eh?"

Mvua ikashuka. Fundi akaketi kwenye usukani, mlango umefungwa. Dalali akapitisha karatasi dirishani huku akilowa, amekataa katakata kuingia. Fundi akatia sahihi. Dalali akaondoka mbio bila kuaga, na Fundi akajisifu kwamba amempiga bao.

Siku ya tatu, mchana kweupe, mkanda wa abiria ukajifunga wenyewe. Kacha. Fundi alitazama, akaendelea kuendesha. Alijua ni jambo la kumfanya mtu aruke dirishani, lakini hofu haikuja. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Kisha ikaja harufu, udi juu na nywele zilizoungua chini yake, na nyuma ya harufu pumzi ya mtu, taratibu, karibu na sikio, ikipanda naye mlima na kushuka naye, hata ganzi ikaanzia kwenye vidole, vidole vile vile vilivyokuwa vikigusa bomba tu na kujua pampu inaumwa wapi, na alipovichoma kwa bisibisi kuvijaribu damu ilitoka na maumivu hayakutoka, naye akaitazama damu kama anatazama oili.

Akaanza kula ndani ya gari. Kisha kulala.

"Baba watoto, shuka," mkewe alinong'ona dirishani.

"Naja."

"Jana pia ulikuwa unakuja. Hata mtoto humshiki."

"Nilimshika. Mikono haikupata habari."

Mkewe akamleta mganga, mama mfupi mwenye sauti ya kuegesha malori, maana aliwahi kuwa utingo. Akafukiza ubani, akalizunguka gari mara saba, akapiga boneti kofi.

"Toka!"

Redio isiyo na waya ikakohoa. "Nitoke kwa hati gani?" ilisema polepole. "Mimi nimenunuliwa."

Mganga akaomba karatasi, akaisoma, akaguna. "Waliouziwa jini nimewaona wengi. Aliyemdai kwa maandishi, wewe wa kwanza."

"Sasa tufanyeje, mama?" mke akauliza kwa sauti ndogo.

"Liuzeni kwa maneno haya haya. Vilivyokuwamo siku ya sahihi vitaondoka nalo."

Mke akacheka, kicheko cha kwanza wiki ile, akashika mlango. Lakini mganga alikuwa ameirudia karatasi. Wino ulikuwa umechuruzika kwa mvua.

"Baba," akamwita Fundi, polepole, "siku hiyo ulitia sahihi umekaa wapi?"

Fundi akafikiri. "Hapa hapa. Nje kulikuwa kunanyesha."

 Mganga akaanza kukusanya ubani wake, hata ule uliokuwa bado unawaka.

"Shuka!" mke akapiga kelele, akamvuta mkono kwa nguvu zake zote. Fundi aliuona mkono ukivutwa. Aliingoja hofu, kwa adabu, kama mgeni aliyechelewa.

Kacha. Safari hii mkanda ulikuwa wake.

Na chini yake kiti kilikuwa na joto. Ndicho kitu pekee alichokihisi.