Kiyoyozi Kinachomtii Robleh

"Gesi ya kiyoyozi imejaa, dada. Shida si gesi," alisema fundi Dirir, kichwa kimezama chini ya boneti ya gari.

Kadra alijifuta jasho kwa ncha ya shali. Joto la Julai hapa Jibuti halina huruma, na wiki nzima alikuwa akienda kazini vioo wazi, anafika hospitali nguo zimemganda mwilini.

"Mume wangu anasema inavuja."

"Washa tena."

Akawasha. Upepo ukatoka, wa moto. Kompresa haikushtuka.

"Ajabu, Ijumaa akiendesha yeye kinapoza," Kadra alisema. "Nikishika mimi usukani, tanuri."

Dirir akafungua kisanduku cha fyuzi. Akaacha kutabasamu.

"Rilei, kile kiswichi cha kuwashia kiyoyozi, haipo. Haikuungua, dada. Imechomolewa na mtu."

Kadra akampigia mumewe simu papo hapo.

"Robleh, rilei iko wapi?"

"Nani kakufundisha mambo ya rilei?"

"Nimekuuliza iko wapi!"

Simu ikakatwa. Ukaja ujumbe: "Watu wanasema unabeba wanaume. Vioo vyetu vyeusi vikifungwa hawaoni umebeba nani. Nilitaka wenzangu wa kijiweni wakuone ukipita uko peke yako. Nisamehe."

Jamani, mume gani huyu? Anamchemsha mkewe kama maharage ili kijiwe kilale usingizi! Kadra akaelekeza gari moja kwa moja kijiweni.

Ilikuwa saa ya kutafuna mirungi. Alimkuta Robleh kaegemea mto, shavu limevimba, wenzake wamemzunguka.

"Mwanamke haingii hapa!" Waisi, rafiki yake, alifoka.

"Kila siku mnanichungulia barabarani. Leo nitazameni vizuri." Akamgeukia mumewe. "Waambie ulichonifanyia. La sivyo naenda kwa baba yangu, na sirudi."

"Mama Hodan, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Na yangu uliivunjia chumbani?"

Robleh aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemsaidia.

"Nimechomoa rilei ya gari ili mke wangu apite vioo wazi mumwone," aliwaambia wenzake. "Hana kosa lolote. Niliwasikiliza ninyi."

Waisi akaangua kicheko. "Kumbe umekaliwa na mkeo!"

"Nilikaliwa na wewe, Waisi. Ndiyo maana nikamdhulumu mama wa mtoto wangu."

Akatema mirungi, akatoka nje nyuma ya mkewe. Akatoa rilei mfukoni, akaichomeka. Kadra akawasha gari. Kompresa ikanguruma, na baridi ikaanza kujaa ndani.

Robleh akanyoosha mkono kwenye mlango wa mbele. Kadra akaufunga kwa ndani.

"Umenidhalilisha, Robleh. Bado nina hasira nawe, na sijui itaisha lini."

"Najua."

"Basi panda nyuma."

Akapanda.