Kiti Tulichoambiwa Kimechomwa

Mwaka jana mume wangu aliniangalia machoni akaniambia amekichoma. Alinieleza hata vile plastiki ilivyonuka.

Jana mchana nimekikuta sebuleni kwangu...

Mtoto wangu alikuwa amekikalia njia nzima kutoka Bungoma mpaka Kitale. Na ni mimi mwenyewe niliyekinunua.

Ngojeni niwaeleze polepole, maana hata mimi bado sijamaliza kujieleza.

Naitwa Tabby. Nakaa Tuwan, hapa Kitale, na bwanangu anaitwa Hillary, mtu wa Kabuchai. Tuna mtoto mmoja, Levi. Hajafika miaka miwili lakini ukimbeba kutoka sokoni mpaka nyumbani, mgongo unakuuliza wewe ni nani. Kiti chake cha gari, kile cha watoto wachanga, kilikuwa kimemkataa. Miguu imekunjwa, kichwa kimepita juu, analia tangu tuwashe gari mpaka tufike.

Wengine mtasema si umpakate tu kama watu wote. Kwetu hatupakati tena. Mtaelewa kwa nini.

Jumamosi tulikuwa tunatoka kwa wakwe Kabuchai, nikamwambia Hillary tupitie Bungoma mjini. Kuna jamaa pale anaitwa Eliakim, anauza vitu vya watoto vya mtumba. Hillary akatuacha hapo akaenda kutafuta spea ya gari.

Nilimkalisha Levi kwa kila kiti. Cha kwanza kilikuwa cha kupendeza lakini kigumu kama benchi ya kanisa. Cha pili mkanda ulimkwaruza shingo. Cha tatu kilikuwa cha kahawia, kava mpya, sponji nene. Levi alikaa, akaegemea, akaanza kusinzia na kidole mdomoni.

"Hiyo ndio ya kukua nayo, dada," Eliakim akasema. "Saa hii ataangalia nyuma. Akiongezeka unaigeuza, anaangalia mbele. Na mkanda unapandisha huku nyuma, tundu kwa tundu, vile mabega inapanda."

"Kwani mkanda hupandishwa?"

"Watu wengi hawajui. Mtoto analia, wanasema ati kiti imekuwa ndogo. Kiti si ndogo. Mkanda ndio iko chini, inamkata bega."

"Na hii umebadilisha nini?"

"Ni kava na sponji tu nilibadilisha. Hizo zingine ni vile ilikuja. Kifungo sijagusa, mkanda sijagusa. Hata tundu nimeacha ya chini kabisa, si inatosha huyu kijana?"

Ilitosha. Nikalipa nikiwa na furaha ya mtu aliyepata mali safi. Hillary aliporudi alikitia kiti garini bila kukiangalia mara mbili, na Levi akalala. Tulipofika Kamukuywa akaamka, akatapikia kava yangu mpya maziwa yote aliyopewa na nyanyake.

Ndiyo sababu jana, baada ya kanisa, niliivua ile kava niifue.

Chini yake, kwa plastiki ya mgongoni, kulikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu nzito.

NYAGUTHII.

Pembeni ya jina kulikuwa na nyota. Ile nyota niliichora mimi. Lile jina niliandika mimi.

Nilikaa chini sakafuni na kava mkononi. Sikulia.

Nyaguthii alikuwa mtoto wa dadangu Wamboi. Wamboi hakuolewa, kwa hivyo mtoto wake wa kwanza, badala ya kupewa jina la nyanya wa upande wa baba, alibeba jina la mama yetu. Kwetu mtoto aliyebeba jina lako ni wewe mwenyewe umerudi. Mama hata hakuwa anamwita kwa jina. Alikuwa anamwita Mimi, na mtoto naye anamwita shosho, yaani nyanya.

"Mimi ameamka? Mimi amekula? Mleteni Mimi hapa nimuone."

Wamboi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa ukoo wetu kununua kiti cha mtoto. Alizunguka Kitale yote akichagua, watu wakamcheka. Nami nikamwandikia mtoto wake jina mgongoni mwa kile kiti.

Mwaka jana Agosti tuliwaalika watu wetu Kabuchai, wakwe wakutane vizuri. Tulikuwa tumetangulia na Hillary, tuko jikoni, kuku wako kwa sufuria. Wamboi alikuwa anaendesha gari lake, Mama amekaa nyuma na Nyaguthii. Wakiwa karibu kabisa kufika, trekta ya miwa ikaingia barabarani bila kuangalia.

Mama alivunjika mkono. Wamboi alipoteza fahamu. Nyaguthii alitolewa nje ya lile gari na hakuamka tena. Alikuwa anakaribia kufika miaka mitatu, mrefu, miguu kama ya ndama.

Mama alituambia sisi, akawaambia na polisi:

"Kifungo kilipasuka. Kiti kilimwachilia."

Hata kabla Wamboi hajatoka hospitali, Mama akamwambia Hillary akichome kile kiti. Hakutaka mtu akiangalie. Hillary akakichukua, akarudi jioni ananuka moshi, akaapa mbele ya Mama kwamba kimeisha.

Na Wamboi je? Wamboi aliachana na kazi, akarudi kukaa na Mama shambani Kiminini. Haingii gari lolote. Kama anaenda Kitale, anatembea. Nguo zake zinamning'inia. Kila nikimtembelea ananiambia neno moja.

"Tabby, nilimnunulia mtoto wangu jeneza nikifikiri ni kiti."

Sasa mnaelewa nilikuwa nimeshika nini pale sakafuni.

Nikamwita Hillary. Alipoliona lile jina, alirudi hatua moja nyuma.

"Hillary, uliniambia ulichoma."

"Tabby..."

"Uliniambia ulichoma."

"Nilishindwa, bana." Alikaa kwa mkono wa kochi. "Nilimwaga mafuta ya taa. Nimeshika kiberiti. Halafu nikaona biskuti kwa kona ya kiti. Nusu. Iko na alama ya meno yake. Nikashindwa kabisa. Kuna jamaa wa vyuma kuukuu alikuwa anapita na mkokoteni, nikamwambia aichukue aende nayo mbali."

"Na ule moshi?"

"Nilichoma tairi."

Nilitaka kumpiga na kitu. Nilitaka pia kumkumbatia. Hakuna nililofanya, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeanguka kwa kile kifungo chekundu cha mkanda.

Kilikuwa kizima.

Nikakifunga. Nikakibonyeza. Ta. Kikafunguka. Nikafunga tena, nikamwambia Hillary avute mkanda huku, mimi nivute huku. Tulivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikuachilia.

Nikakumbuka Eliakim: kifungo sijagusa.

"Mama alisema kilipasuka," nikasema.

Hillary akaanza kuukunja ule mkanda. Kwao Kabuchai mwanamume hamsemi mama mkwe vibaya, na akianza kukwepa, jua jibu amelipata.

Tulimwacha Levi kwa jirani, tukatia kiti kwa buti, tukaenda Kiminini. Wazo langu lilikuwa moja tu. Kama kifungo hakikupasuka, basi Wamboi hakuchagua vibaya. Dadangu anajimaliza bure. Nitamrudisha. Hata kama ni kwa kumvunja Mama, nitamrudisha.

Mama alikuwa uani anapukuchua maharagwe. Nikaweka kiti mbele yake, upande wa jina.

Mikono yake ikasimama.

"Mama, kifungo hakikupasuka."

"Hiyo kiti mmetoa wapi?"

"Mama. Hakikupasuka."

Kuku wakaja wakadonoa maharagwe, na Mama, mtu wa kufukuza kuku hata akiwa kwa maombi, hakuwafukuza.

"Mimi alikuwa analia," akasema. "Tangu tutoke hapa. Ule mkanda ulikuwa unamkata hapa kwa bega. Wamboi ananiambia usimtoe, Mama, usimtoe. Sasa nifike kwa wakwe aje, jina langu limefungwa kama mbuzi ya soko? Na linalia? Shosho ndiye hushuka na mtoto kwa mkono. Nilimtoa polepole. Nikamweka hapa." Akajigusa mapaja. "Akanyamaza. Akaniambia, shosho, asante."

"Kwa nini ulisema kifungo?"

"Ningesema nini, Tabby? Ati nimejiua?"

Sijui kwa nini nilifanya nililofanya baadaye. Labda hasira. Nilikigeuza kiti, nikamwonyesha mgongo wake. Mkanda ulikuwa kwa tundu la chini kabisa, pale unapokaa kwa mtoto wa umri wa Levi. Hakuna mtu aliyewahi kuupandisha. Nilichomoa mkanda, nikaupitisha tundu la juu, nikauvuta. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Mama aliangalia mikono yangu.

"Ilikuwa hivyo tu?"

"Ilikuwa hivyo tu, Mama."

Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akajifunika uso na leso.

Nilipoinua macho, Wamboi alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na beseni la mboga ya sukuma. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Nikamkimbilia. Nikamshika mabega, yale mabega yaliyobaki mifupa.

"Wamboi, si wewe. Unanisikia? Kiti ulichochagua kilikuwa kizuri. Kifungo ni kizima. Si wewe."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua kwa dirisha. Akaweka beseni chini. Akaenda akachuchumaa mbele ya kiti, akapitisha kidole kwa jina, akakifunga kile kifungo. Akakibonyeza.

Ta.

"Naijua hii sauti," akasema.

"Wamboi?"

"Niliisikia nikiwa nimeshika usukani. Nikaangalia kioo, nikaona Mama amempakata." Alikuwa anaongea na kiti, si na sisi. "Nilitaka kusimama. Mguu ulikuwa umeshafika kwa breki. Halafu nikafikiria, nitaanza kubishana na Mama kando ya barabara, tufike kwa wakwe amenuna? Na mtoto alikuwa amenyamaza. Nikasema wacha tu. Tumekaribia."

Mama aliondoa leso usoni.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote, Mama."

"Na ukasema ni kiti?"

"Wewe ndiye ulisema ni kiti. Mimi nilishika hapo hapo." Wamboi akasimama, akapangusa mikono kwa sketi. "Kiti hakilii ukikilaumu. Ningemlaumu nani mwingine, na tunalala nyumba moja?"

Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira.

"Tabby, ulikileta cha nini?"

Nikainama, nikaanza kuokota maharagwe yaliyomwagika, moja moja.

Nilifikiri nimebeba ukweli wa kumfungua dadangu. Kumbe nilikuwa nimebeba kitu kimoja tu kilichokuwa kinawasaidia wale wawili kuishi, na nikawanyang'anya mbele ya macho yao. Mama alikuwa anamficha Wamboi. Wamboi alikuwa anamficha Mama. Kile kiti kilikuwa kimewabebea mzigo wote mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa anakishukuru.

Leo asubuhi Mama amekataa chai. Wamboi ametoka, amesema anatembea kidogo, na simu yake ameiacha kitandani. Kaka yetu Muigai amemfuata kwa njia ya Kitale. Nimempigia Muigai tena na tena. Ananiambia tu bado anamtafuta.

Hillary amekichoma kile kiti saa mbili, nyuma ya nyumba, na safari hii nilisimama nikaona. Hata bila Mama kusema, kiti kilichopata ajali hakikaliwi tena na mtoto. Jina ndilo lililoshika moto mwisho. Plastiki hainuki vile alivyonieleza.

Najua mtaniuliza tujifunze nini. Nyinyi hupenda kuuliza, na mimi leo sina maneno matamu.

Ukinunua kiti cha mtoto, nunua kile kinachokua naye, na ukumbuke hakikui chenyewe. Kila akiongezeka, angalia mabega yake na mkanda uko wapi. Akilia ndani ya kiti, usimtoe. Simamisha gari, zunguka nyuma, upandishe mkanda.

Na kama ni mzee amemtoa, awe mama yako, awe mama mkwe, awe mchungaji aliyewafungisha ndoa... simamisha gari hapo hapo. Mwambie amrudishe.

Atanuna.

Kununa huisha.