Maji ya Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, mama yake Elsie alinyunyizia nyanya zake dawa ya ukungu. Shamba lilikuwa kipande walichokodi kando ya mto, nje kidogo ya Kisaju. Mama huyo, Jacinta, alikuwa karani mjini Kitengela juma zima, na nyanya hizo alizipenda kama watoto wa nyongeza. Akimaliza, alimwachia Elsie pampu ya mgongoni na onyo lilelile: "Usioshee mtoni. Chota maji, uende uoshee kwa shimo kule juu."

Shimo lilikuwa mbali, na Elsie, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa bingwa wa kuota ndoto macho wazi. Mwaka huo, 2005, kiangazi kiliukausha mto mpaka ukabaki vidimbwi. Alipotumbukiza pampu kidimbwini, mabaki ya dawa yalitanda majini, yakawa buluu, yakazungukazunguka polepole. Elsie aliiona bahari, ambayo hakuwahi kufika. Alichuchumaa hapo, akasahau hata jina lake, mpaka rangi ikazama na maji yakawa kama kawaida. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini Elsie hakuwa na habari na wahenga. Jumamosi iliyofuata akarudia, na nyingine, na nyingine.

Siku moja alienda kwa rafiki yake Soila, ambaye mama yake alikuwa amejifungua. Kwa Wamaasai, mama aliyejifungua huchinjiwa kondoo dume mnono, ale nyama na kunywa mafuta yake, nguvu zimrudie. Baba yake Soila, Mzee Lemein, alikuwa amemnonesha dume wa kazi hiyo tangu Mei. Elsie alimkuta Soila nje, uso umemshuka.

"Kondoo ya Yeyo ni mgonjwa," Soila alisema. Yeyo ndiye mama yake. "Macho imekuwa manjano, na anakojoa nyekundu. Baba anasema achinjwe leo, kabla hajakufa."

"Alikuwa anakunywa maji wapi?"

"Si pale tu, chini ya shamba yenu. Mimi ndio nampeleka kila jioni."

Elsie aliyakumbuka maji ya buluu. Alitamani hii nayo iwe ndoto, aamke. Akinyamaza, nani angejua? Lakini ndani ya nyumba mtoto mchanga alilia, na Yeyo akambembeleza kwa sauti ya uchovu. Yeyo angekula nyama ile, na mtoto angenyonya. Pale zizini, Mzee Lemein alikuwa amekwisha kushika kisu.

"Baba Soila, ngoja! Usimchinje!" Elsie alipaza sauti. "Ni mimi. Niliosha pampu ya dawa kwa hayo maji. Mara nyingi. Mama alinikataza."

Mzee Lemein alikirudisha kisu alani. Alimtuma Soila amwite daktari wa mifugo, Roda, aliyefika kwa pikipiki. Daktari aliufunua ukope wa kondoo, kisha akasoma paketi ya dawa aliyoileta Elsie mbio kutoka shambani.

"Hii dawa iko na madini ya shaba," alisema. "Inaponya nyanya, lakini kondoo hawezani na shaba. Ng'ombe anaweza kuvumilia, kondoo hapana. Inajikusanya kwa maini pole pole, halafu siku moja inamwangusha. Hii nyama msiionje hata kidogo."

Dume alikufa jioni, wakamfukia mbali na mto. Elsie alilia sana. Kesho yake Jacinta alikuja naye kwa kina Soila kuomba msamaha, aibu imemjaa. Walichimba shimo jipya la kuoshea pampu karibu na shamba, mbali na maji, na Mzee Lemein akaanza kunywesha mifugo wake kisimani. Yeyo alichinjiwa kondoo mwingine, mdogo na mwembamba.

Siku hiyo Yeyo alimwita Elsie, akamketisha kando yake na kumpakatisha mtoto.

"Kondoo yangu umeniulia," alisema, "lakini ukasema ukweli kabla sijakula. Kwa hiyo nakushukuru. Sasa sikia, mwanangu. Ukimwaga kitu mtoni, usiseme umekitupa. Kuna mtu huko chini umempelekea."