Simu Isiyoguswa

Ngrr... ngrr... ngrr. Hakujapambazuka, simu ya jirani yangu inatetemeka juu ya sinia la bati, na kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja, niliisikia kama iko kwangu. Saa hiyo naipenda. Watoto wamelala, maji ya chai yanachemka, nyumba imetulia. Lakini nyuma ya mtetemo ule nilisikia kitu kingine: pumzi ya mtoto ikipiga filimbi.

Ndugu zangu, niwaeleze habari za nyumba hiyo. Baba, ambaye wote tunamwita Fundi, anafanya kazi ya kompyuta mji mwingine. Anajua kuingia kwenye simu ya mkewe akiwa hukohuko, kwa kuandika amri tu, na kuijaza mafaili ya wateja wake. Simu ya mke ikawa ghala. Sasa mafaili yakaanza kukwama njiani. Akachunguza wiki nzima: kioo kikizima, simu inasinzia, ikipigwa, intaneti inakatika. Basi akatoa sheria.

"Iache kwenye chaji. Usipige, usipokee, usiiguse mpaka nikwambie."

"Na Chiriku akibanwa kifua?"

"Wewe nawe! Lazima abanwe wiki hii?"

Chiriku ni binti yao wa miaka sita. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Alfajiri ile alibanwa, na dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha. Nilipoingia kwao nilimkuta mama yake amekaa mbele ya simu, mikono mapajani, mtoto kalala miguuni pake, midomo imeanza kuwa ya bluu.

"Shoga, mbona hupigi?"

"Kazi yake ya mafaili imefika asilimia tisini," akaninong'oneza. "Nikiigusa, atanisema mpaka kwa mama yake, kama safari ile."

"Imefika lini?"

"Jana mchana."

Jana mchana! Damu ilinichemka. Niliichomoa simu ile, nikampigia mwenye teksi, tukambeba mtoto hadi hospitali, akawekewa oksijeni.

Njiani nilitazama kioo. Mimi si fundi. Kompyuta nimeisoma kwenye masomo ya jioni, mtoto wangu mgongoni. Lakini maandishi yalikuwa wazi: nafasi imejaa. Ndilo onyo lililokuwa likiitetemesha alfajiri yote. Mkono wa mke haukuwa na kosa. Simu ilijaa mafaili ya Fundi mwenyewe, na katika kuchunguza kwake kote hakuwahi kujichunguza yeye.

Jioni Fundi, kaelekezwa na majirani, akatokea wodini, begi la kompyuta begani. Salamu hakuna.

"Nani kaichomoa simu? Mnajua mmeniharibia kazi ya siku ngapi?"

FUNZO

Waume, simu ya mama mwenye mtoto mgonjwa ni ya mtoto kwanza. Ujuzi wako usiwe kamba ya kumfunga mkeo. Kina mama wenzangu, hofu ya kugombezwa isizidi hofu ya kumpoteza mtoto. Mtu anayekukataza kuomba msaada hakulindi, hata kama anakulisha. Nasema kwa hasira, lakini sijakata tamaa, kwa sababu nilimwona Fundi akiliteremsha lile begi sakafuni taratibu. Si mimi niliyemfanya aliteremshe. Ni Chiriku, aliyeivuta pembeni barakoa ya hewa na kumwambia:

"Baba, nilikuwa siwezi kupumua."