Mashine Iliyoitika

"Basi nieleze sababu," Awiti alisema. "Usiniambie nikuamini tu. Nieleze."

Mubarak hakuinua macho kwenye kompyuta yake. "Nimeshaeleza, dada. Kosa moja si kosa, ni kelele. Likirudi mara ya pili, hapo mashine ishtuke."

"Na mtoto akiacha kupumua kwenye hilo la kwanza?"

Mubarak aliendelea kuchapa. Walikuwa wakibishana tangu chakula cha mchana, pale ofisini kwao mtaani Ntinda, ghorofani, chini yao kukiwa na saluni ya nywele, na chai ilikuwa imepoa mezani hadi ikafanya utando. Mubarak ndiye aliyeandika programu. Awiti alikuwa mkaguzi wake, na hakuna mstari uliotoka mlangoni bila yeye kusema sawa.

Kilichowagombanisha kilikuwa kipande kidogo cha kerneli, kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyuma vya kompyuta. Chuma kikiharibika hulalamika chenyewe. Kerneli ndiyo inayosikia kwanza, nayo huamua kama itaitikia au itanyamaza. Mistari ya Mubarak ilinyamaza. Ilisubiri chuma kilalamike tena.

Lakini mashine hizo zilikuwa za kusikiliza pumzi za vichanga. Moja ilikuwa nao hapo mezani kwa majaribio. Nyingine ilikuwa kwenye zahanati moja Nateete, na chini yake alilala mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mtoto wa Valarie, mdogo wake Awiti. Wiki iliyopita mashine ile iliganda bila kupiga kengele. Nesi aliyekuwa anapita na beseni ndiye aliyeona midomo ya mtoto imebadilika rangi.

Valarie hakulaumu mtu. Alipiga simu akalia tu. Kilio kile Awiti alikuwa nacho kifuani mpaka leo, na kila alipousoma mstari ule wa kunyamaza, alitamani kuipiga meza ngumi.

"Wewe si mkaguzi," Mubarak alinung'unika. "Wewe ni askari wa barabarani."

"Na wewe ni ustadhi usiyetaka kuulizwa swali."

Mubarak alicheka kidogo, kisha uso ukamrudia ule wa kuchoka. Awiti akamwonyesha lile ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyependa kulitaja. Mashine zote mbili zililalamikia mahali pamoja, nafasi ya nne ya kumbukumbu. Awiti mwenyewe alikuwa ameifungua hii ya mezani kwa bisibisi. Nafasi ya nne haikuwa na kitu. Ilikuwa tundu lenye vumbi.

Na malalamiko yalikuja jua linapozama tu. Mara moja. Kisha kimya hadi kesho yake.

"Kitu kisichokuwepo kinaumwaje, Mubarak?"

Ndipo Mubarak aliposema, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani ambako anga la Ntinda lilikuwa limeanza kuwa jekundu juu ya foleni ya magari. Alisema bibi yake, Bi Mwanawetu, aliwalea kwa sharti moja. Magharibi ikiingia, ukisikia jina lako nje, usiitike. Ngoja uitwe tena. Binadamu mwenye shida ataita mara ya pili. Yule mwingine haiti mara mbili.

Awiti alimkodolea macho.

"Umeandika woga wa bibi yako ndani ya kerneli?"

"Niliandika kile kilichoniwezesha kulala."

Hapo Awiti alichoka kabisa. Alimwambia mambo ambayo baadaye angetamani kuyarudisha, juu ya watu wazima na shule walizosoma. Mubarak alichukua kofia yake. Akasema anakwenda kuswali, watamalizana akirudi. Ngazi zikalia chini ya viatu vyake, kisha zikanyamaza.

Awiti hakungoja amalizane naye. Alifuta mistari ile. Akaandika mingine, mifupi na safi: chuma kikilalamika mara moja tu, kerneli ipokee, iitikie, ipige kengele. Aliisoma tena na tena. Haikuwa na dosari. Akaidhinisha kazi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaituma Nateete kwa mtandao. Mara hii mtandao haukusumbua.

Adhana ilipanda kutoka mbali.

Kwenye mashine ya mezani, mstari mmoja ukatokea.

*Kosa. Nafasi ya nne.*

Na chini yake, jibu lake mwenyewe:

*Nimesikia.*

Kengele ilipaswa kulia. Haikulia. Badala yake feni ya mashine ilipunguza mwendo... ikapunguza... ikasimama. Chini, muziki wa saluni ulikuwa umekatika. Awiti alisikia harufu ya udongo uliochimbuliwa, ule mbichi wa chini kabisa, usiowahi kuona jua. Aliinama kwenye mashine. Harufu ilitoka kwenye matundu yake.

Akataka kucheka. Hakuweza. Kwa dakika kumi alijaribu kuiwasha upya, haikuwaka.

Kisha ngazi zikalia, taratibu, kama mtu anayepanda akiwa hana haraka. Zikanyamaza nje ya mlango.

"Awiti."

Ilikuwa sauti ya Mubarak. Neno *naam* lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Akalirudisha. Sijui ni kwa nini, alijiambia, hasira tu, hasira ya kutwa nzima. Mwache aite tena.

Hakuita tena.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Mubarak. Aliipokea.

"Dada," Mubarak alinong'ona, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakisalimiana, wakitafuta viatu vyao. "Ndiyo tumemaliza. Naja. Usiguse ile mistari kwanza, tafadhali."

Awiti aliutazama mlango. Kulikuwa na kivuli kwenye upenyo wa chini.

"Kuna mtu ameniita," alisema. "Kwa sauti yako."

"Umeitika?"

"Hapana."

Akamsikia akishusha pumzi, akimshukuru Mungu. Awiti naye akajiegemeza mezani. Hakuitika. Alikuwa ameshika sharti la bibi asiyemjua, na limemfaa. Kisha Mubarak akauliza, polepole zaidi:

"Na ile mashine ya Nateete. Bado ina mistari yangu?"

Awiti alikata simu. Vidole vilitafuta jina la Valarie, vikakosea, vikatafuta tena. Izime, angemwambia. Ing'oe ukutani, mbebe mtoto, toka humo. Simu iliita. Ikaita. Alisimama akiwa ameibana sikioni, macho yakiwa kwenye kile kivuli, akiomba kwa kila mlio kwamba mdogo wake apokee.

Kivuli kilisogea kidogo, kama mtu anayegeuka kuondoka. Na sauti, ambayo sasa haikuwa ya Mubarak wala ya mtu yeyote, ikasema kwa upole mlangoni:

"Nilipita kukuaga tu, Awiti. Nateete wameshaniitikia."